Sahani ya Siku ya Mzani

Kwa miaka mitatu nilipima wali maharage wa mama Najma, na kwa miaka yote hiyo uzito wake haukuwahi kushuka chini ya gramu mia sita na ishirini wala kuzidi mia sita na sitini. Bei ilikuwa shilingi elfu mbili. Katika eneo langu lote la Mtoni hakukuwa na kitu kilichotulia namna hiyo, na ninakiri kwamba niliipenda sahani ile kwa sababu hiyo.

Kazi yangu ni kukusanya bei. Kila mwezi, Jumanne ya wiki ya pili, ninapita kwenye maduka, magenge na majiko yaleyale, ninauliza bei za vitu vilevile, ninaziingiza kwenye kishikwambi. Bei hizo huungana na nyingine maelfu kutoka mikoani, zikachanganywa kwa hesabu, na mwisho wake hutoka ile namba moja inayosomwa kwenye taarifa ya habari: mfumuko wa bei kwa mwaka umekuwa asilimia kadhaa. Orodha yangu inasema "wali maharage, sahani moja". Ningeweza kuandika bei nikaondoka. Lakini neno sahani halina gramu ndani yake, kwa hiyo mimi hununua chakula chenyewe, nikakiweka juu ya mzani mdogo wa jikoni ninaotembea nao, nikatoa uzito wa chombo, ndipo nikaandika.

Mama Najma, jina lake Tabu, alipikia kwenye banda la mabati nyuma ya maghala ya Barabara ya Kilwa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ya kuita watu walio mbali hata anapoongea na aliye karibu.

"Shikamoo, mama Najma."

"Marahaba, Serikali. Umekuja na mashine yako?"

"Nimekuja nayo."

"Haya, sahani yako hii hapa. Usije ukaimwaga njiani ukasema nimekupunja."

Mara zote ilikuwa hivyo. Sikuwahi kumsahihisha kuhusu hilo jina la Serikali.

Wateja wake wakubwa walikuwa vibarua sitini wa ghala lililo mbele ya banda. Ghala ndilo lililomlipa, kwa mkataba. Mkataba huo alinionyesha mwezi Oktoba, ukiwa ndani ya mfuko wa nailoni, nao ulikuwa na kifungu kimoja tu kilichomhangaisha. Kilisema kwamba mlo utakuwa shilingi elfu mbili kwa miaka miwili ya kwanza. Kuanzia hapo bei itarekebishwa kila Januari kwa kiwango rasmi cha mfumuko wa bei cha mwaka uliotangulia, na si zaidi. Miaka miwili ilikuwa inaisha Desemba.

"Hiyo namba inatoka lini?" aliuliza.

"Ya Desemba inatoka Januari."

"Na mwenye kuiandika si ndiyo wewe?"

"Mimi naandika bei za hapa Mtoni. Namba inatoka kwenye bei za nchi nzima."

"Lakini na yangu imo."

"Imo."

"Basi andika kubwa, mwanangu. Mie nikitoka hapo na elfu mbili na mia tano, napumua. Chini ya hapo nafunga. Sikutishi, nakwambia tu. Mchele nilikuwaga nachukua elfu mbili na mia mbili, leo elfu tatu. Mkaa usiniulize. Mafuta nanunua kwa kikombe kama mgonjwa anayepimiwa dawa."

"Naandika ninachokikuta, mama Najma."

"Sasa si hicho ndicho unachokikuta?"

Nilimjibu kwamba kwake nilikuwa nikikuta sahani ya gramu mia sita na arobaini kwa shilingi elfu mbili, mwezi baada ya mwezi, na kwamba kwa orodha yangu hiyo maana yake ni bei isiyobadilika. Aligeukia sufuria yake.

Mwezi uliofuata nilichelewa kidogo, nikafika vibarua wakiwa wameshapanga mstari. Mmoja wao, Marijani, mwenye shingo nene ya kubebea magunia, alikuwa ametoka dirishani na sahani yake ameiinua juu kama kombe.

"Oyaa, wazee! Wali una kilima leo! Serikali imefika!"

Mstari mzima ulicheka.

"Sista," akaniambia, "wewe hamia hapahapa. Uwe unakuja kila siku, nauli tutakuchangia."

"Kwani siku nyingine wali haupo?"

"Upo, ila wa kuchungulia. Sie siku hii tunaiitaga siku ya mzani. Ukija wewe, tunashiba. Usipokuja, unakula huku unayaona maua ya sahani."

"Marijani," mama Najma alisema kutoka dirishani, "funga domo ule."

"Mama, si namsifia mgeni wako!"

Nilisubiri mpaka wakarudi ghalani. Mama Najma alikuwa akifuta benchi lililokwisha kufutwa. Nilimuuliza kama ni kweli.

"Kweli," alisema. "Na wewe ungefanyaje? Siku ile ya kwanza umenijia na kitambulisho shingoni na mzani mkononi. Sokoni akija mtu wa serikali na mzani, kuna mtu anapigwa faini. Nikajaza."

"Nilikwambia nataka bei tu."

"Wote wanaanzaga hivyo, 'mama, tunauliza tu'. Halafu unaitwa ofisini."

"Hiyo ni siku ya kwanza. Miaka yote hii je?"

"Baadaye nikakuzoea. Sasa ukishakuwa mgeni wangu, unanisalimia vizuri, unanunua, unakaa, nikupe wali wa kibarua? Nitakuwa mtu gani?" Alikunja kitambaa. "Na siwezi kukujazia wewe peke yako wenzio wakakutazama. Kwa hiyo siku yako najaza zote."

Nilimweleza kwa utaratibu kile alichokuwa amefanya. Tangu asaini mkataba alikuwa akipunguza wali kidogo kidogo, kwa sababu bei haikuruhusiwa kupanda. Aliyelipa elfu mbili kwa wali mchache alikuwa amepandishiwa bei, hata kama noti ni ileile. Kupima kwangu kulikuwepo ili kukamata jambo hilo hasa. Na siku pekee katika mwezi ambayo lingeweza kukamatwa, yeye alilificha.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mie mwenyewe ndiyo nimejishushia ile namba?"

"Kwa sehemu ndogo sana."

"Ndogo kiasi gani?"

Nilimwahidi jibu nikishapiga hesabu; siku hizo sikuwa mtu wa kutoa jibu ambalo sijalipiga hesabu.

Alhamisi nilirudi bila taarifa. Nilipima sahani tatu za vibarua kabla hawajazigusa, wao wakizozana kuhusu nani chakula chake kitapoa. Gramu mia nne ishirini na tano, mia nne thelathini, mia nne thelathini na tano. Wastani mia nne thelathini. Nikafuta ya Jumanne, nikaingiza ya Alhamisi, nikaeleza sababu kwenye nafasi ya maelezo. Kwa kila gramu, wali maharage wa mama Najma ulikuwa umepanda kwa asilimia arobaini na nane nukta nane.

"Hiyo ndiyo kubwa," alisema mama Najma, akiangalia kioo cha kishikwambi ambacho hakuwa amevaa miwani ya kukisomea.

"Ni kubwa."

"Mungu akuweke."

Kesho yake msimamizi wangu, Nikodemu, alinipigia simu. Nikodemu si mvivu. Katika watu wote niliofanya nao kazi, ndiye ambaye makosa yangu huyaona kabla yangu.

"Auleria, wali umepanda karibu nusu kwa mwezi mmoja?"

"Umepanda kwa miaka miwili. Mimi nimeuona mwezi huu."

"Nimesoma maelezo. Shida ni kwamba fomu inauliza mwezi huu. Nikikubali, Novemba inabeba mzigo wa miezi ishirini na kitu. Nikikataa, kwenye vitabu vyetu wali ule haujawahi kupanda. Miezi ya nyuma tumeshaitangaza, hatuifungui kwa sahani moja. Unataka lipi?"

"Kubali."

"Nimekubali," alisema. "Lakini usije ukadhani kuna kitakachotikisika."

Nilikuwa nimeshapiga hesabu hiyo. Kwa makadirio yangu sahani za aina ile zinazopimwa katika jiji zima ni kama thelathini na sita. Moja ikipanda kwa asilimia arobaini na tisa, wastani wa jiji unapanda kwa asilimia moja na chembe. Jiji ni sehemu ya nchi, na chakula cha kununua majikoni ni sehemu ndogo ya vyote ambavyo nchi inanunua: kodi za nyumba, nauli, sare za shule, saruji, vifurushi vya simu, vitanda. Ukishuka ngazi hizo zote, sahani ya mama Najma iliisogeza namba ya taifa kwa nukta sifuri sifuri nne. Namba ya taifa hutangazwa kwa tarakimu moja tu baada ya nukta.

Nilimpelekea jibu hilo mwezi Desemba, kwa sababu aliuliza na nilikuwa nimeahidi. Aliniwekea sahani mbele yangu. Ilikuwa ya gramu mia nne ishirini na nane. Niligundua kwamba alikuwa ameipakua bila kunitazama.

"Kwa hiyo haitoshi," alisema.

"Haitoshi."

"Na za wenzangu? Mama lishe wote si wanapunguza?"

"Huenda. Sijui. Ninajua ninachokipima."

"Basi wote tumekujazieni," alisema, akacheka kidogo, na mimi sikucheka, kwa sababu lilikuwa jambo linalowezekana kabisa na sikuwa na njia ya kulichunguza.

Januari namba ilitoka: asilimia tatu nukta mbili. Mama Najma aliisikia redioni kabla sijampigia. Aliniomba jambo moja, niende naye kwa Rogers, meneja wa ghala, nikaeleze. Nilienda Jumamosi, bila kitambulisho, kwa sababu sikuwa nimetumwa na mtu.

Rogers alitukaribisha vizuri. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na tano hivi, shati limepigwa pasi, mezani kwake kuna nakala ya mkataba ikiwa imefunguliwa kwenye kile kifungu.

"Shikamoo, mama. Nimeshapiga hesabu yako," alisema. "Asilimia tatu nukta mbili ya elfu mbili ni sitini na nne. Kuanzia Jumatatu mlo wako ni elfu mbili na sitini na nne."

"Sitini na nne hainunui hata kiberiti, baba."

"Najua, mama. Sijaitunga mie. Na kuna ishu nyingine, vibarua wananilalamikia chakula ni kidogo. Nakuomba urudishe kile kipimo cha zamani."

Mama Najma alinigeukia. "Mwambie."

Nilimwambia. Nilisema namba ile inapima mabadiliko ya bei ya vitu vyote ambavyo kaya zote nchini zinanunua, kila kimoja kwa uzito wake. Ndani yake kuna vitu vilivyopanda sana na vingine ambavyo havikupanda au vilishuka. Jiko la mama Najma linanunua vinne tu, mchele, maharage, mafuta na mkaa, na vyote vinne viko kundi la vilivyopanda. Mtu ambaye namba inamzungumzia ni wa wastani: anakula kidogo, anapanda gari kidogo, anajenga kidogo, anaongea na simu kidogo. Kumpangia mama huyu bei kwa namba hiyo ni kumvisha nguo iliyopimwa kwa mwili wa watu milioni sitini.

Rogers alisikiliza kwa makini. Ni mtu wa makini.

"Dada, umeeleza vizuri. Naomba kuuliza. Hiyo namba ni ya uongo?"

"Hapana."

"Mmeikosea?"

"Kila kipimo kina kasoro zake. Lakini hapana, haikukosewa."

"Kwa hiyo asilimia tatu nukta mbili ni kweli."

Nilihisi mama Najma akiniangalia. Ningeweza kusema jambo lingine. Ningeweza kuitaja sahani ya siku ya mzani, lakini nilikuwa nimeshaipigia hesabu na nilijua thamani yake. Nukta sifuri sifuri nne.

"Ni kweli," nilisema.

"Basi," alisema Rogers, bila ukali wowote. "Mkataba unasema kiwango rasmi. Hausemi kiwango cha jiko. Mie nikimwongezea mama mia tano, bosi ataniuliza nimeitoa wapi. Nimjibu nini?"

Tulitoka nje. Mama Najma alitembea mbele yangu mpaka bandani, akafungua kufuli, akaingia.

"Ulikuwa uko upande wangu," alisema akiwa ndani, "halafu akakuuliza swali dogo tu."

"Aliniuliza kama ni kweli."

"Nimesikia alichouliza."

Aliendelea mpaka mwisho wa Februari. Alirudisha gramu mia sita, kwa sababu Rogers aliagiza, na akatia mfukoni mwa ghala akiba yote aliyokuwa nayo, sahani moja baada ya nyingine. Jumanne ya wiki ya pili ya Machi nilikuta mlango una kufuli na benchi halipo. Marijani alikuwa amekaa juu ya tofali, anakula makande kwenye bakuli la plastiki.

"Siku ya mzani imekufa, sista," alisema. "Haya yanaletwa na ndoo kutoka huko sijui wapi. Hata maua hayana, bakuli la plastiki."

Kishikwambi kilinitaka nichague: imefungwa kwa muda, au imefungwa kabisa. Nilimpigia mama Najma. Alisema masufuria mawili makubwa ameshayauza. Nikachagua kabisa.

Kituo cha kukusanyia bei kikifungwa kabisa, mdadisi kama mimi hutafuta kingine karibu. Ng'ambo ya barabara kuna mgahawa wenye feni, viti vya mgongo na sinki la kunawia. Wali maharage wake, pamoja na kipande cha tikiti, ni shilingi elfu tatu na mia tano. Nilipima: gramu mia nne hamsini. Kanuni ya kubadilisha kituo ni ya maana na nimewafundisha wengine: huwezi kulinganisha banda na mgahawa, kwa kuwa feni, kiti na tikiti navyo vinauzwa humo. Tofauti ya bei inahesabiwa kuwa ni tofauti ya ubora. Kituo kipya kinaunganishwa pale cha zamani kilipoishia na hesabu inaanza upya. Nilijaza kila nafasi. Chini kabisa kishikwambi kilitoa jibu la mwezi: mabadiliko, sifuri.

Nilikwenda kumwona mama Najma kwake Aprili, siku ya mapumziko. Alikuwa mlangoni na kijiko na kikaango chenye mashimo, anakaanga vitumbua. Aliniambia anakaanga asubuhi, kwa muda wa saa mbili au tatu, si kila siku.

"Kazi sina," alisema. "Hii ni ya kusogeza siku tu."

Niliwahi kufanya kazi kwenye utafiti wa ajira. Swali lake linauliza kama katika siku saba zilizopita mtu alifanya shughuli yoyote ya kujipatia kipato, hata kwa saa moja. Mama Najma angejibu kwamba hana kazi, na mimi ningemwandika kuwa anayo. Sikumwambia.

"Na sahani yangu?" aliuliza. "Mliitoa kwenye ile orodha?"

"Tumeweka ya mgahawa wa ng'ambo."

"Ule wenye mafeni? Wanauza ngapi?"

"Elfu tatu na mia tano."

Aliacha kugeuza. "Ya kwangu ilikuwa elfu mbili na sitini na nne."

"Ndiyo."

"Basi imepanda! Si ndiyo imepanda hiyo?"

"Hapana, mama Najma. Ni vitu viwili tofauti, havilinganishwi. Imeandikwa haijabadilika."

"Haijabadilika," alirudia. Kitumbua kimoja kilianza kuungua upande, akakigeuza. "Mie nimekosa mia tano, nimefunga. Watu wamehamia kwenye elfu tatu na nusu au kwenye ndoo. Na nyie mmeandika haijabadilika."

"Ndivyo kanuni ilivyo."

"Na ni kweli?"

Hakusubiri jibu. Alikuja jirani, mwanamke mwenye khanga kichwani, akanunua vitumbua vitano kwa shilingi elfu moja, akaondoka.

"Hapa kwangu mnapimaga?" mama Najma aliuliza.

"Hapa hapamo kwenye orodha."

"Afadhali," alisema. "Unataka vingapi?"

Nilimwambia vitano. Alivichagua kimoja kimoja, akavifunga kwenye gazeti, akapokea elfu moja yangu. Nilifungua gazeti nikiwa njiani. Mzani nilikuwa nimeuacha nyumbani, lakini haukuhitajika: vilikuwa vikubwa kuliko vya yule jirani.